Kipofu Amefika

Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya Kibantu, alidai kwamba viambishi vya ngeli vimebeba mafundisho juu ya kila kilichopo. Alitaja mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Mhaya wa Kemondo, mkoani Kagera, hahitaji mkalimani hapo, kwani naye husema omuntu, ekintu, ahantu. Mzizi ni ule ule, na kinachomtenga mtu na kitu ni kiambishi cha mbele tu. Paulin Hountondji wa Benin aliwapinga waliofuata njia hiyo: falsafa ni kazi ya watu wanaofikiri na kubishana, na sarufi haifikiri. Nakubaliana naye, lakini sioni kwamba hoja inaishia hapo. Sarufi isiyofikiri hutunza mazoea ya wanaofikiri, na mazoea hayo yana uzito, hasa kwenye kiambishi ki-.

Kwa hesabu ya Kagame, kipofu, kiziwi na kiwete wangekuwa wamekwisha kutupwa upande wa vitu. Wapo wanaoamini hivyo, wakataka majina hayo yaachwe, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 imelitanguliza neno “watu” kwenye jina lake lenyewe. Ni jambo jema. Hata hivyo, kiongozi na kijana nao wana ki-, na hakuna aliyewahi kulalamika. Tena gatini Kemondo abiria akisema “kipofu amefika, mpisheni”, watu watasogea bila kushangaa. Akisema “kipofu kimefika”, watamgeukia yeye kwa hasira, na wana haki. Jina tumelirithi kwa wazee. Kiambishi cha kitendo tunakitoa upya kila tunapofungua kinywa, na hapo ndipo tunaposhuhudia kama tuliyemtaja ni mwenzetu. Anayesema “kijitu kile kimekuja” anajua vizuri anachokifanya.

Pingamizi kubwa ni kwamba maneno hayazuii panga. Mwaka 2024 huko Kamachumu, Muleba, mtoto mwenye ualbino ambaye hajatimiza miaka mitatu aliporwa nyumbani kwao, na mwezi uliofuata mwili wake ukapatikana umekatwa viungo. Sarufi gani ingemwokoa? Hakuna, nami sitaidai kazi hiyo. Lakini tusisahau kwamba tangu mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa yalipojulikana mwaka 2007 na 2008, mitaani mwenye ualbino aliitwa “dili”, na dili haiji kwa a-: dili imepita, dili ina bei. Lugha hiyo haikushika panga. Ilimzoeza msikilizaji kusikia bei ya binadamu bila kushtuka, na muuaji huhitaji majirani wasioshtuka.

Kwa sababu hiyo siwezi kuridhika na wanaodhani kazi imekwisha kipofu anapoitwa mtu asiyeona. Mpeleke zahanati, akae mbele ya meza, akisikia kila neno. Mhudumu anamtazama aliyemsindikiza na kuuliza, “Anaumwa nini?” Jina ni sahihi, upatanisho ni sahihi, ki- haipo popote, na bado mgonjwa amewekwa pembeni ya mazungumzo yanayohusu mwili wake. Anachodai ni kuulizwa yeye mwenyewe: “Unaumwa nini?”