Ujasiri uwanjani na nje ya uwanja

Ujasiri ni kutenda linalostahili huku hofu ikiwa imemkaa mtu moyoni. Asiyeiona hatari hana hofu ya kuishinda, na Aristotle aliuweka ujasiri kati ya woga na kujitosa ovyo. Kabla yake, Plato aliandika mazungumzo ya Laches, ambamo Socrates anawahoji majemadari wawili. Mmoja anajibu kwamba ujasiri ni uvumilivu wa nafsi. Anapoulizwa kama uvumilivu wa kipumbavu nao ni ujasiri, anakwama.

Swali hilo linaigusa michezo moja kwa moja. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, akichechemea, goti limefungwa bandeji, akiwa wa 57 na wa mwisho. Medali ilikuwa imekwenda. Alichokuwa akikitimiza ni wajibu wake kwa nchi iliyomtuma, na ndicho kinachoupa uvumilivu wake hadhi.

Lakini kama kuvumilia peke yake kungetosha, mwanajimnastiki Simone Biles angehesabiwa mwoga. Julai 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, alijitoa katika fainali ya timu ya jimnastiki kwa sababu akiwa hewani hakuweza tena kujua mwili wake umeelekea wapi. Kuendelea kungeweza kumvunja shingo. Alisimama huku dunia ikimtazama na wengi wakimlaumu, na huo nao ulikuwa ujasiri kamili.

Nje ya uwanja, karani anayekataa kutia sahihi hati ya uongo, au shahidi anayemtaja mahakamani jirani mwenye nguvu, ana mtihani mgumu zaidi. Hashangiliwi, hajui mateso yake yataishia wapi, na hasara huwafikia hata watoto wake. Hapo nguvu za mwili hazimsaidii. Hadithi ya Mtume Muhammad (S.A.W.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inamtaja mwenye nguvu kuwa si yule awabwagaye watu kwa mieleka, bali anayeimiliki nafsi yake anapokasirika. Mazoezi humzoesha mtu maumivu, ila hayamwonyeshi jambo linalostahili mtu aumie kwa ajili yake. Bondia asiyetetereka ulingoni anaweza kunyamaza kazini mwenzake akidhulumiwa.