Jina la Kukulia



Mama akinunua shati la shule, hununua kubwa. Mtoto atalikulia. Ndivyo tunavyowapa wavulana majina ya Biblia. Emanueli. Zakaria. Yeremia. Marefu, mapana. Kisha mtaa unakunja mikono: Ima, Zaka, Jere.

Wazee wengine hununa. Mimi sinuni. Yesu mwenyewe aliwapachika Yakobo na Yohana jina la utani: Boanerge, wana wa ngurumo. Na huku Usukumani, Yakobo wa kanisani nyumbani ni Mabula, maana alizaliwa mvua ikinyesha. Bibi hamwiti vingine, hata mbele ya mchungaji.

Lakini kuna utani unaokunja, na kuna utani unaochana. Yule mwenzako wa kazini, leo utamwita jina gani? Na ukimwita, atageuka akicheka?