Upepo Uliopita kwa Jirani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, apelekaye pepo zikawa bishara ya mvua, na apelekaye pepo zikawa mtihani. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, twataka kunena juu ya chamchela, na khasa ile iliyo dhaifu, ipitayo mashambani ikaambua paa la mtu mmoja na kumwacha jirani yake salama. Msiba mkubwa haufichiki. Khabari zake huenea na misaada hukusanywa. Bali msiba mdogo ndio utupimao, kwani hapana aujuaye ila jirani.

Chamchela tuinenayo si kile kisulisuli cha vumbi kizungukacho kiwanjani wakati wa jua kali. Hii hushuka katika wingu zito la mvua na radi, pale hewa yenye joto na unyevu ipandapo kwa nguvu, na pepo za juu zikavuma kwa upande na kasi isiyokuwa ya pepo za chini, hata nguzo ya hewa ikazunguka. Wako wasemao kuwa ni shetani apitaye. Neno hilo halina asili. Upepo ni kiumbe cha Mungu, na Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kuutukana, akatufundisha kumwomba Mola kheri yake na kujikinga Kwake na shari yake.

Wenye ilimu ya pepo wamezigawanya chamchela kwa madaraja. Mwaka 1971 Tetsuya Fujita, wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitoa kipimo chake, na tangu mwaka 2007 Marekani yatumia kipimo hicho baada ya kutengenezwa upya. Daraja ya chini kabisa ni upepo wa maili 65 hata 85 kwa saa: huvunja matawi, huangusha miti yenye mizizi mifupi, na huambua sehemu ya paa. Na ajabu yake ni kuwa upepo wenyewe ni nadra kupimwa, kwani hupita upesi. Wapimaji huja baadaye, wakatazama kilichovunjika, kisha wakakadiria nguvu zake.

Basi neno hili "dhaifu" ni neno la mpimaji, si neno la mwenye nyumba. Mkulima ambaye ghala lake limefunuliwa na mahindi yake yakarowa, kwake yeye udhaifu wa upepo hauna maana. Mwaka wake wote ulikuwa chini ya paa lile.

Tarehe 23 Novemba 1981, mpaka wa hewa baridi ulipita juu ya Wales na Uingereza, ukianzia upande wa kisiwa cha Anglesey, na kwa muda wa saa chache zikahisabiwa chamchela kadiri ya mia moja. Nyingi zao zilikuwa dhaifu na za muda mfupi. Nchi ile ina mamilioni ya watu, na waliopatwa ni wachache tu waliokuwa katika njia zile nyembamba. Hivyo ndivyo ilivyo chamchela: huyu hupoteza paa, na wa pili yake hapotezi hata jani la mti.

Hapa ndipo ulimi wa mwanadamu ukosapo. Aliyesalimika humtazama aliyepatwa, akasema barazani: "Lazima pana alilolifanya." Ewe ndugu, nani aliyekupa ilimu ya ghaibu? Tarehe 26 Aprili 1989, chamchela kali ilipiga Daulatpur na Saturia katika nchi ya Bangladesh, wakafa watu kadiri ya 1,300. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, katika nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu. Je, utathubutu kuwataja kwa ubaya? Na karibu yetu, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga cha bahari kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, hata ikawa ndiyo mama wa karafuu. Je, yuko mwenye akili asemaye kuwa watu wa Pemba walikuwa wacha Mungu kuliko ndugu zao wa Unguja? La, hayuko.

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kuwa Mtume alipoona wingu au upepo, uso wake ulibadilika kwa khofu, akikumbuka watu wa Adi waliofurahia wingu wakidhani ni mvua. Tazama: yeye aliye bora wa viumbe alijikhofia mwenyewe na umma wake. Sisi twamkhofia jirani, wala nafsi zetu hatuzikhofii.

Na katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa mzee mwenye bustani nzuri na watoto wanyonge, ikajiwa na chamchela yenye moto ikaungua. Mfano huo umewekwa wapi? Umewekwa katika aya za sadaka, baada ya kukatazwa kuibatilisha sadaka kwa masimango na maudhi. Maana yake ni kuwa asimangaye huteketeza thawabu zake mwenyewe, kama bustani ile. Basi wako watu wawili waliopitiwa na chamchela: mmoja amepoteza paa, na wa pili, aliyesaidia kisha akasimanga, amepoteza akhera yake. Na huyu wa pili ndiye mwenye khasara kubwa.

Kwa hiyo yatupasa, upepo upitapo kwa jirani, twende siku ile ile, tusingoje kuitwa. Mwenye makuti alete makuti, mwenye nguvu apande juu ya paa, mwenye mbegu atoe mbegu, na mwenye kumdai ampe muhula hata mavuno yajayo. Kisha tunyamaze. Asisikie mwenye nyumba, mwaka wa pili, kuwa paa lake lilitajwa barazani.

Ewe Mola wetu, tupe kheri ya pepo zako, utukinge na shari yake, na utulinde na shari ya ndimi zetu. Amin. Wabillahi taufiki.