JUMATANO: Nchi Nayo Ina Sabato Yake

Soma Kutoka 23:10–12 na Mambo ya Walawi 25:1–7. Ni akina nani walionufaika na pumziko ambalo Mungu aliliagiza?

Bwana aliwapa Waisraeli nchi, lakini hakuwapa ruhusa ya kuitumia bila kikomo. Kila mwaka wa saba mashamba yaliachwa bila kupandwa. Maskini walikula kilichoota chenyewe, na hata wanyama wa mwituni waliachiwa sehemu yao. Hivyo kila mkulima alikumbushwa kwamba yeye ni wakili tu. Mwenye shamba ni Mungu (Walawi 25:23).

Huko Thailand, katika kisiwa cha Phi Phi Leh, kuna ghuba ndogo iitwayo Maya. Filamu iliyopigwa hapo ilipotoka mwaka 2000, watu wa mataifa mengi walitamani kuiona. Hatimaye maelfu walifika kwa siku moja. Mashua na nanga zake zilivunja matumbawe, na makazi ya samaki yakaharibika. Juni 2018 serikali iliifunga ghuba hiyo. Ilikusudiwa iwe kwa miezi michache, lakini haikufunguliwa tena hadi Januari 2022. Katika muda huo vipande vya matumbawe vilipandwa upya, na papa wakarudi kuogelea karibu na ufuko. Ilipofunguliwa, mashua hazikuruhusiwa tena kuingia ghubani, na idadi ya wageni iliwekewa kikomo.

Kuifunga hakukuwa jambo jepesi, kwa kuwa wenye mashua na wafanyakazi wao walipata riziki kwa wageni hao. Waisraeli nao walikuwa na swali kama hilo: tutakula nini?

Soma Walawi 25:20–22. Mungu alilijibuje swali hilo? Kwa nini kuipumzisha nchi kulidai imani?

Soma pia 2 Mambo ya Nyakati 36:20, 21. Nchi ilipataje pumziko ambalo watu walikataa kuipa?

Hapa kuna onyo zito. Nchi ilipumzika miaka 70, lakini watu wake walikuwa uhamishoni. Pumziko tusilolitoa kwa hiari huja kwa hasara.

Wengine husema, “Dunia hii itateketezwa (2 Petro 3:10), kwa nini tujisumbue kuitunza?” Lakini mwili huu nao utabadilishwa Yesu atakapokuja (1 Wakorintho 15:51–53), wala hatuuharibu kwa sababu hiyo. Tunautunza kwa kuwa ni wa Bwana. Dunia nayo ni yake (Zaburi 24:1), na Ufunuo 11:18 huonyesha kwamba atawahukumu waiharibuo.

Ni kweli kwamba kufunga lango la ghuba hakutoshi. Maji ya bahari yanazidi kupata joto, na joto hilo huyafanya matumbawe yapauke na kufa hata mahali pasipofika mtalii. Viumbe vyote vinaugua vikingoja ukombozi (Warumi 8:19–22), na ukombozi huo utaletwa na Kristo peke yake. Sisi tumeitwa kuwa waaminifu hadi atakapokuja.

Tafakari: Watu wengi huharibu mahali kwa sababu wanapapenda. Je, kanisa lenu linapotembelea mto, mlima au ufuko alasiri ya Sabato, mnapaacha katika hali gani? Ni kitu gani mkononi mwako, shamba, mnyama au mfanyakazi, kinachokungoja wewe ukipe pumziko?