Ndia Si Kosa

Nikiwa darasa la nne Mombasa, niliandika kwenye insha, "ndia ya kwenda kwa nyanya". Mwalimu akalizungushia lile neno duara jekundu: njia! Nyumbani mamangu husema ndia, na nyanya vivyo hivyo. Kumbe kosa letu lilianza 1928, kwenye mkutano uliofanyika papo hapo Mombasa, Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kikabaki lahaja.

Duara lile lilinirudia niliposoma jinsi DNA inavyosomwa. Mashine hutoa vipande vingi vifupi, kisha kompyuta hutafuta mahali pa kila kipande kwenye nakala moja ya kulinganishia. Nakala hiyo, kama asilimia 70 yake ilitokana na mtu mmoja asiyejulikana jina, aliyejitolea damu Buffalo, Marekani. Mtu mmoja! Ukitofautiana naye, wewe ndiwe "badiliko". Kipande kisichomfanana hukosa pa kukaa, kikawekwa kando. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza watu 910 wenye asili ya Afrika walikuta herufi karibu milioni 300 zisizokuwemo kwenye nakala ile. Hazikuwa zimepotea, zilikuwa ndani ya watu.

Nadharia ya grafu inatoa mchoro mwingine: vituo, na mistari ya kuviunganisha. Kila kituo ni kipande cha DNA. Tunapofanana, sote twapitia kituo kimoja. Tunapotofautiana, njia inagawanyika kisha inakutana tena mbele, kama matatu zinazokwepa jam. Hakuna barabara kuu na vichochoro. Mwaka 2023 mchoro wa aina hii ulichapishwa kutokana na watu 47, kila mmoja akiwa na njia mbili, ya mama na ya baba.

Nilifurahi, nikamwambia rafiki yangu wa maabara kwamba sasa hakuna kosa tena, ni njia tu. Akanikata: "Mtoto mwenye selimundu utamwambia hiyo nayo ni njia tu?" Sikuwa na jibu. Herufi moja ikibadilika, mtoto analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Basi ugonjwa upo, na lazima tuuite ugonjwa. Ila ushahidi wake uko kwenye yale maumivu. Umbali kati ya mtoto huyo na bwana wa Buffalo hauthibitishi kitu.

Linalonisumbua bado ni wale wasiochorwa. Mradi mkubwa wa jenomu uliochapishwa 2015 ulikuwa na watu 2,504 wa makundi 26, wakiwemo Waluhya wa Webuye. Makundi 26, dunia nzima! Kenya peke yake tuna makabila zaidi ya 40. Grafu yaweza kuongezewa njia, ni kweli, lakini njia ambayo hakuna aliyekuja kuiulizia haionekani hata kama kosa. Mwalimu wangu angalau alilisoma lile neno kabla ya kulizungushia duara.