Kipimo cha Adhabu

Ukitoka Sokoni Kariakoo kwa miguu, ukakatisha Mnazi Mmoja, hukawii kufika Mahakama ya Kisutu. Kila niipitapo njia hiyo hunijia swali: je, adhabu isiyopunguzika yaweza kuwa ya haki?

Hapo Kisutu, mwaka 2004, mwanamuziki Nguza Viking, yaani Babu Seya, na wanawe watatu walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la kuwabaka watoto wa shule ya msingi huko Sinza. Mahakama Kuu iliikataa rufani yao mwaka 2005. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wana wawili, kwani ushahidi dhidi yao haukutosha. Baba na mwanawe Papii Kocha wakabaki gerezani hadi Desemba 2017, Rais Magufuli alipowasamehe.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliweka miaka isiyopungua 30 kwa mtu mzima abakaye, na kifungo cha maisha ikiwa mtoto hajafika miaka 10. Nia yake ilikuwa njema, maana mtoto ni amana. Lakini tazama rufani inavyokuwa. Mwizi wa kuku aweza kusema: nimekosa, ila mmenizidishia. Huyu hana nafasi hiyo. Jaji hawezi kushuka chini ya kiwango. Hubaki swali moja tu: alitenda, au hakutenda? Ndiyo maana rufani nyingi za namna hii hushikilia umri wa mtoto usiothibitishwa, au kasoro katika hati ya mashtaka. Ama miaka yote, ama huru.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliweka kanuni: mwanachuo aibaye hufukuzwa, liwe shuka au senti hamsini. Muhula haukwisha, walimu wakaanza kunificha wezi. Hawakupenda wizi, waliogopa adhabu yangu. Mitaani kwetu nimeyaona hayo hayo. Mkosaji akiwa mjomba, mambo humalizwa chumbani, na mtoto hufundishwa kunyamaza.

Simtetei mbakaji. Ninachosema ni kwamba adhabu ikiwa nzito hivi, uchunguzi nao hauna budi kuwa mzito vivyo hivyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliona kuwa haki ya akina Nguza ya kusikilizwa ilikiukwa katika baadhi ya mambo. Msamaha ulikuwa umekwisha kufungua lango, lakini msamaha hausemi kama mahakama zilikosea au la. Barazani watu wakagawanyika, na wamegawanyika hadi leo.

Tena sheria hiyo hiyo yaamuru aliyetendewa alipwe fidia. Miaka yote hiyo tumebishana kuhusu miaka ya wafungwa. Fidia ya mtoto sijamsikia mtu akiiulizia, na mimi mwenyewe sikuiulizia.