Nyumba Juu ya Ngamia

Katika nchi za baridi, kama Norway na Sweden, jamaa nyingi zina kibanda kando ya bahari. Muda mrefu wa mwaka kibanda hicho hukaa kimefungwa. Majira ya joto yafikapo, wenyewe hurejea, hufungua madirisha, na watoto hukimbilia mawe yale yale waliyoyachezea mwaka uliopita. Nyumba hungoja, watu huja.

Katika nchi ya Garissa jambo hili limegeuzwa. Nyumba ya mfugaji wa Kisomali, iitwayo aqal, haimngoji mtu. Wanawake huijenga kwa fito zilizopindwa na kuifunika kwa mikeka, na siku ya kuhama huivunja wakaipakia juu ya ngamia. Nyumba husafiri pamoja na watu. Kinachongoja ni mahali.

Na mahali hapo hungoja kwa majira. Mvua za gu, ambazo ni masika, na mvua za deyr, ambazo ni vuli, huwatawanya watu na wanyama mbali katika nyika, kwa sababu wakati huo majani na maji ya madimbwi yapo kila upande. Ikija jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka, madimbwi hukauka, na kila jamaa hurudi kwenye maji yasiyokauka: visima vya Wajir, visima vya El Wak, ambako jina lenyewe lina maana ya Kisima cha Mungu, au ukingo wa Mto Tana. Mtu aliyezaliwa katika maisha hayo huweza kulala mahali ishirini katika mwaka mmoja, lakini pako pamoja tu anapopaota akiwa mbali.

Hapa ndipo swali linapozaliwa. Je, mahali turudipo mwaka hata mwaka ni petu?

Nilipokuwa mwanafunzi kama wewe, msomaji, nilirudi likizo kwa jamaa zangu walipokuwa wakihamia mtoni. Njia nzima niliuwaza mkwaju ambao bibi yangu alizoea kuijenga nyumba yake chini ya kivuli chake. Tulipofika, mkwaju ulikuwapo, lakini umezungukwa na ua wa miiba, na ndani ya ua yameota mahindi na migomba. Hasira ilinipanda. Nikamwambia mkulima kwamba hapo ni petu, na kwamba babu zetu walipajua kabla yeye hajazaliwa.

Yule mkulima hakunijibu mimi. Alimgeukia bibi yangu akasema, "Mama, sikumfukuza mtu. Niliona pa tupu, nikalima."

Bibi akanitazama akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe ulikuwa wapi mto ulipofurika na mtu huyu akapanda tena mara mbili?"

Sikuwa na jibu. Ndipo akamgeukia mkulima na kumwuliza yeye naye, "Mwanangu, na ngamia wangu wanywe wapi?"

Mkulima alinyamaza kitambo, kisha akaionyesha sehemu ya ua iliyoelekea mtoni. Jioni ile miiba ya upande huo iliondolewa, ikapatikana njia. Nyumba ya bibi ilijengwa mbali kidogo na mkwaju, pasipokuwa na kivuli kizuri. Bibi hakulalamika, ingawa usiku nilimwona ameketi nje akiutazama mti wake.

Nimeyapima maswali yale mawili kwa miaka mingi, na naona kwamba kila moja lina haki. Aliyekuwa mbali hakupoteza haki yake kwa kuwa mbali, maana kuhama kwake si kupatupa mahali. Ni kupapumzisha, ili majani yaote tena. Lakini aliyebaki naye amepalipia mahali hapo kwa jasho lake na kwa hasara zake. Mapenzi ya mmoja hayafuti mapenzi ya mwenziwe. Anayesema "napapenda, basi ni pangu peke yangu" amekosa hesabu, kwani na jirani yake aweza kusema maneno yale yale kwa ukweli ule ule.

Kosa la hesabu hiyo si dogo. Kando ya Tana njia za kuwateremshia mifugo majini huitwa malka, na zikizibwa, mifugo hupita mashambani. Katika delta ya mto huo, mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, ugomvi wa wafugaji na wakulima juu ya malisho, mashamba na maji, uliochochewa pia na siasa, uliwaua watu zaidi ya 100. Wote waliouawa walikuwa na mahali walipopapenda.

Tena mahali penyewe hapakai kama tulivyopaacha. Mto Tana hubadili njia yake. Hufurika Garissa hata siku ambazo hapo halijadondoka tone, kwa kuwa maji yake hutoka milima ya Kenya na Aberdare. Na tangu bwawa la Kindaruma lilipokamilika mwaka 1968, na lile la Masinga mwaka 1981, mafuriko yake hayafuati tena desturi ya zamani. Anayetaka kukuta kila kitu kama kilivyokuwa hataki kurudi. Ataka jana, na jana hairudiwi na mtu.

Basi tutarudi kwa haki gani? Nadhani ni kwa haki ya mgeni mwenye kumbukumbu: aulize kwanza nani alikuwapo, aombe njia, asikubali kunyimwa maji, naye asimnyime mwingine. Haki hiyo ni ndogo kuliko umilki, lakini yatosha kumfikisha ngamia mtoni.

Mkwaju ule sasa umeanguka. Njia ingali wazi.